Mishipa Iliyogeuka Mfupa

"Usiniletee picha ya mtu mwingine, Daktari," alisema Inspekta Tulinagwe Kibona. "Leo sina muda wa kuchezewa."

"Ni yake. Jina hilo hapo pembeni."

Daktari Emanueli alikuwa ameibandika filamu ya eksirei kwenye kioo cha dirisha la ofisi ya upelelezi. Nje, malori ya kwenda Zambia yalikuwa kwenye foleni, yananguruma bila kusogea, na mwanga wa asubuhi ya Tunduma ulikuwa unapita katikati ya kiganja cha marehemu Mzee Barnaba Silwimba. Mifupa ya vidole ilionekana hafifu. Hilo Tulinagwe alilitegemea, maana mzee alikuwa mgonjwa wa figo na figo zikifa mifupa nayo hudhoofika. Ambacho hakukitegemea ni mistari myeupe iliyopita kati ya vidole, ikijipinda na kugawanyika mpaka kwenye ncha.

"Hii nini?"

"Mishipa ya damu."

"Mishipa haionekani kwenye eksirei. Hata sisi tuliosomea Ileje tunajua."

"Kweli haionekani. Hii imeonekana kwa sababu imegeuka mfupa."

Koplo Gibson Siame alikuwa amesimama mlangoni na andazi mkononi. Alilirudisha kwenye karatasi yake. "Mungu wangu! Mtu anatembea, mishipa inakuwa mfupa?"

Daktari alitoa filamu nyingine kwenye bahasha, akaibandika pembeni ya ile ya kwanza. "Ile ni ya wiki aliyofariki. Hii ni ya kabla ya Pasaka. Mkono ule ule."

Mkono ule ule, mifupa ile ile hafifu, na kati ya vidole giza tupu, kama inavyotakiwa kuwa. Tulinagwe alitazama moja, akatazama nyingine. Alishaona watu waliopigwa shoka, waliogongwa na malori, waliofukiwa kwenye mashimo ya dhahabu kule Mkwajuni. Hiki hakuwahi kukiona. Alivuta kiti, akakaa.

Kesi yenyewe ilikuwa imeshatulia, au ndivyo wakubwa walivyotaka. Mzee Barnaba, wakala wa forodha aliyestaafu, alikuwa amefia hospitali Alhamisi iliyopita akiwa kwenye mashine ya kusafishia damu. Moyo ulisimama ghafla. Dada yake, Enesi, akapiga kelele wodini kwamba kaka yake amelishwa sumu na mkewe. Majirani wakaongeza yao. Ijumaa mke, Restuta, akawekwa mahabusu. Jumamosi mumewe akazikwa, naye hakupata hata kutupa konzi ya udongo kaburini. Leo ilikuwa Jumatatu. Kesho asubuhi Mkuu wa Upelelezi alitaka mwanamke huyo asimame mahakamani kwa mauaji, na mauaji hayana dhamana. Akishavuka mlango ule, atakaa gerezani miaka akisubiri kesi, awe ameua au hajaua.

"Nieleze kama unavyomweleza mama yako mzazi," alisema Tulinagwe.

Daktari alivuta pumzi. "Vitamini D tunaipata kwenye jua na kwenye chakula, lakini inaingia mwilini ikiwa imelala. Figo ndiyo inayoiamsha. Figo ikifa, hakuna wa kuiamsha. Bila hiyo mwili hauwezi kuchukua kalsiamu kwenye chakula, kwa hiyo unaanza kuiiba kwenye mifupa. Mgonjwa mifupa inamuuma mpaka analia, na akiteleza kidogo anavunjika. Sisi tunampa vitamini D iliyokwisha kuamshwa. Kidonge kidogo sana, na dawa iliyomo ndani ni kama vumbi, kwa macho huioni. Tunatakiwa kumpima damu mara kwa mara, maana ikizidi, kalsiamu inajaa kwenye damu na kutafuta pa kukaa. Inakaa kwenye mishipa. Inakaa kwenye moyo."

"Na kwenye damu ya mzee?"

"Kalsiamu ilikuwa juu mno. Nilidhani mashine imeharibika, nikarudia. Sasa nimetuma damu ipimwe vitamini yenyewe. Majibu yanakuja leo."

"Kwa hiyo vidonge vyako ndivyo vimemuua."

"Kwa kipimo nilichompa, haiwezekani." Sauti yake ilipanda. "Angalau ... nilivyojua mimi, haiwezekani."

*

Restuta aliletwa akiwa na kanga ile ile ya Ijumaa. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, na alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayeogopa kukichafua.

"Vidonge vya mume wako nani alikuwa anampa?"

"Mimi, Afande. Kimoja asubuhi."

"Hukuwahi kumpa viwili? Siku akilia na mifupa?"

"Daktari alisema kimoja. Mimi nani hata niongeze?"

"Jirani yako Ketrina ameandikisha maelezo. Kila asubuhi alikuwa anakusikia unamlazimisha. 'Meza! Meza!' Anasema ulikuwa unafoka."

"Huo ni uji." Restuta alifuta pua kwa pindo la kanga. "Alikuwa hataki kula. Kila kitu kinamtapisha. Choo hapati. Kiu inamsumbua mpaka ananiibia maji, na maji alikatazwa. Mwisho akawa anasahau hata jina la mtoto. Nisingemlisha kwa kijiko angekaa hivyo hivyo na njaa. Sasa nikimwambia mume wangu ameze, nimeua?"

"Na mbwa?"

"Mbwa gani?"

"Wenu. Alikufa kabla ya mzee. Mtaa mzima unasema ulimjaribishia sumu kwanza."

Machozi yalimtoka Restuta bila sauti. "Jamani. Popo alikuwa mbwa wa Barnaba. Wawili hao walikuwa wanakula bakuli moja. Akishindwa uji anamwekea Popo chini ya kiti, anadhani sioni. Popo alipokufa aliomboleza kama mtu. Mimi nimuue Popo ili iweje?"

Tulinagwe alimwachia nafasi ya kulia. Hakuwa mtu wa kubembeleza, lakini hakuwa wa kuharakisha machozi pia.

"Baada ya Pasaka, nini kilibadilika hapo nyumbani?"

"Hakuna."

"Fikiria. Chochote. Hata cha kijinga."

"Labda ... famasi ya zamani ilifungwa, tukahamia kwa Wiliam kule karibu na mpaka. Bafuni tukaweka sakafu ili asiteleze. Mwanetu Lusungu akaanza chekechea. Wifi akaanza kutuletea unga wa uji, nikapumzika kwenda mashineni kusaga. Basi, Afande. Maisha ya kawaida."

Kalamu ya Tulinagwe ilisimama kwenye neno famasi, ikalipigia mstari.

Alipoinuka, Restuta alimshika mkono wa shati, kisha akauachia haraka. "Samahani. Mtoto wangu yuko wapi?"

"Kwa shangazi yake, Vwawa."

"Anakula?"

"Anakula," alisema Tulinagwe, ingawa hakuwa ameuliza.

"Basi afadhali. Wifi ananichukia sasa hivi, lakini kwake mtoto hawezi kulala njaa."

*

Duka la Wiliam lilikuwa mtaa wa nyuma, hatua chache kutoka Zambia. Wiliam mwenyewe alikuwa kijana mnene mwenye koti jeupe, na alikuwa anamhudumia mama wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyeagiza dawa za kifua.

"Natotela, mukwai," mama yule alishukuru kwa Kibemba. Alipokutana na sare ya Gibson mlangoni, akageuza njia.

"Afande Gibson, unanifukuzia wateja," Wiliam alicheka. Alipomwona Tulinagwe nyuma yake, kicheko kikakatika.

"Vidonge vya mifupa vya Mzee Barnaba," alisema Tulinagwe. "Ulikuwa unavitoa wapi?"

"Kwa msambazaji."

"Yupi?"

"Yupo ... wa kawaida."

"Wiliam, mtu amekufa. Mkewe yuko ndani. Ukinizungusha na wewe utalala huko huko, tena leo."

Wiliam akaeleza kidogo kidogo: vidonge vilivuka mpaka kwa bodaboda, ndani ya mfuko wa vitenge, bila kibali. Kule vilipatikana kwa urahisi na wagonjwa walikuwa wanavihitaji. "Lakini si feki, dada yangu! Mimi naweza kuuza vya magendo, ila feki siuzi. Nina mama mimi."

Gibson alikuwa ameshamfunga pingu. "Tumempata, Afande. Dawa za njia ya panya, kipimo hakijulikani, mzee akawa anameza kifo. Restuta anatoka leo."

Ilipendeza. Tulinagwe alitamani iwe hivyo. Alichukua pakiti tatu akazifunga kwenye mfuko wa vielelezo, akamsainisha Wiliam, na hapo simu yake ikaita.

"Majibu yametoka," alisema Daktari Emanueli. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kukimbia. "Vitamini D imepita mwisho wa kipimo. Wameandika tu kwamba iko juu ya hapo. Lakini sikiliza, Inspekta. Iliyojaa si ile niliyompa mimi. Iliyojaa ni ile iliyolala."

"Sema tena, polepole."

"Kidonge changu ni vitamini iliyokwisha kuamshwa. Hata angemeza kopo zima, ile iliyolala isingepanda hivi. Hii ni ya aina nyingine, imetoka mahali pengine. Tena nyingi ajabu. Ile iliyolala, ikiwa kidogo, haiwezi kitu bila figo, lakini ukiimwaga kwa wingi wa namna hii, inafanya kazi yenyewe. Haihitaji kuamshwa na mtu."

"Mtu anaipata wapi kwa wingi huo?"

"Sijui! Nakuapia sijui. Hospitalini kwetu haipo. Sijawahi kuona kitu kama hiki tangu nianze kazi."

Tulinagwe alikata simu. Akamwangalia Wiliam, ambaye alikuwa ameketi kwenye katoni ya dripu na macho yamemtoka.

"Mfungue."

"Afande!"

"Mfungue, Gibson. Magendo yake nitayarudia siku nyingine, na yeye ajue nitarudi. Lakini aliyemuua mzee si yeye."

*

Walikaa ndani ya gari bila kuwasha injini.

"Nani mwingine alikula alichokula mzee?" aliuliza Tulinagwe.

"Hakuna. Mke anasema uji wa mgonjwa hagusi. Mtoto alikuwa anakunywa chai shuleni."

"Mbwa."

Gibson alikunja uso. "Mbwa si alikufa?"

"Ndiyo maana nakwambia mbwa. Alikula nini?"

"Masalia ya uji. Mbwa hamezi vidonge. Lakini Afande, unga wa jikoni tulishauchukua Ijumaa tukaupeleka kwa mkemia. Majibu tunayo. Hakuna sumu."

"Aliulizwa kama kuna sumu, akajibu hakuna sumu. Umemuuliza kama kuna vitamini?"

"Nani anauliza hivyo!"

"Ndiyo maana."

Gibson alijikuna shingo. Alikuwa mpole, lakini mbishi, na ubishi wake ulikuwa wa faida. "Sawa. Tuseme ni uji. Bado anayepika ni Restuta. Anaweza kuweka mwenyewe. Umeitoa kesi kwa Wiliam, unamrudishia Restuta."

"Ndiyo maana tunakwenda kuuona unga kabla haujafika kwake. Washa gari."

Barabara ya kwenda Vwawa ilikuwa na ukungu mwepesi juu ya mibuni. Tulinagwe alipiga simu mbili njiani. Ya kwanza ilikuwa kwa mkemia. Ya pili kwa Mkuu wa Upelelezi, ambaye alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwamba kesho saa tatu ni kesho saa tatu.

*

Nyumba ya Enesi ilikuwa ya tofali za kuchoma, uani pamefagiwa na kibanda cha kuku kikiwa upande wa jikoni. Enesi mwenyewe, mjane wa miaka hamsini na kitu, alitoka akiwa amefunga kanga nyeusi kiunoni. Macho yalikuwa yamevimba. Alimpenda kaka yake, hilo halikuhitaji upelelezi.

"Shikamoo, mama," alisema Tulinagwe.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mmekuja kuniambia yule muuaji mmemfunga miaka mingapi?"

"Bado, mama. Tuna maswali machache."

"Ulizeni. Lakini kwanza mkae, mpate kitu. Hapa kwangu mgeni haulizi maswali tumbo likiwa tupu."

Vikombe vililetwa kabla hawajakataa. Uji mzito wa ulezi na karanga, unaofuka mvuke. Mkekani, karibu na mlango wa jikoni, Lusungu alikuwa amekaa na kikombe chake cha plastiki, miguu imenyooshwa, masharubu ya uji mdomoni. Alikuwa na miaka mitano na uso wa baba yake. Gibson alikunywa kwa heshima, halafu akanywa kwa kupenda, halafu akaongezewa.

Tulinagwe alishika chake bila kunywa. "Huu unga ni ule uliokuwa unampelekea marehemu?"

"Ndiyo huo huo. Ndoo yake imebaki karibu nusu. Chakula cha marehemu hakitupwi, mwanangu, ni dhambi. Hata waliokuja kwenye msiba wamekunywa."

"Unautengeneza mwenyewe?"

"Kwa mikono yangu. Mahindi ya shamba hili, ulezi, karanga kidogo, soya. Nasagisha hapo chini. Yule mwanamke alikuwa anamlisha kaka yangu sembe tupu! Mtu mifupa inaoza, unampa sembe?"

Kuku walikuwa wanapita miguuni mwao, wekundu, wazito, wanatembea kama wenye nyumba. Tulinagwe, ambaye mama yake kule Ileje alishapoteza vifaranga mara nyingi, aliwatazama kwa wivu wa kweli.

"Kuku wako wana afya, mama."

Kwa mara ya kwanza uso wa Enesi ulifunguka. "We! Ungewaona baada ya Pasaka. Miguu imepinda, hawasimami, wanajiburuta kwa vifua. Nilitaka kuwachinja wote. Nikaenda duka la dawa za mifugo, yule kijana akasema hawa mifupa yao haina nguvu, wanakosa vitamini D. Akanipa unga. Wiki mbili hazikufika, wamesimama. Wamesimama, mwanangu, nakwambia nililia!"

Tulinagwe aliweka kikombe chini taratibu sana.

"Vitamini D," alisema.

"Ndiyo. Sasa nikakumbuka hospitali. Siku nimempeleka kaka yangu, daktari alitueleza pale koridoni: mzee anaumwa mifupa, tunampa vitamini D. Kwa masikio yangu. Lakini wanampa kakidonge kadogo! Nikasema moyoni, kama hii imewainua kuku walioshindwa hata kutambaa, na ni dawa ile ile, na ni mifupa ile ile ..." Enesi alishusha sauti, kama anayetoa siri ya mapishi. "Nikawa namchanganyia kwenye unga. Sikumwambia mtu. Yule mwanamke angenibishia tu."

Gibson alikuwa ameshikilia kikombe cha pili midomoni. Kilibaki hapo hapo.

"Kopo liko wapi, mama?" Tulinagwe aliuliza akiinuka.

Lilikuwa kwenye rafu ya jikoni, kati ya chumvi na majani ya chai. Kopo jeupe lenye picha ya jogoo. Maandishi yalieleza kijiko kimoja kwa gunia zima la chakula cha kuku.

"Ulikuwa unaweka kiasi gani?"

"Kwa kuku kijiko kimoja kwa gunia. Lakini kaka yangu si kuku. Ni mtu mzima, mkubwa. Nikaweka vijiko vitano kwa ndoo. Hali ilipomzidia mwezi uliopita, nikaongeza."

Tulinagwe alitoka jikoni kwa hatua mbili, akampokonya Lusungu kikombe mdomoni. Uji ulimwagika kwenye mkeka na mtoto akaanza kulia kwa mshtuko.

"Amekunywa vingapi? Tangu Ijumaa, amekunywa vingapi?"

"Mtoto anakua, nampa asubuhi na jioni. Kwani kuna nini? Unamtisha mtoto!"

"Gibson! Piga kwa Daktari Emanueli. Mwambie tunampeleka mtoto hospitali hapa Vwawa, awape maelekezo. Na hiyo ndoo usimwage. Funga, weka lakiri. Kopo pia."

Gibson alikuwa amesimama, rangi imemtoka. "Afande, mimi nimekunywa viwili."

"Una figo?"

"Ninazo."

"Basi zitakusaidia. Piga simu!"

Enesi aliwatazama wote wawili. Bado hakuwa ameelewa, na kumwona hajaelewa ndicho kitu kibaya kuliko vyote. Tulinagwe alikuwa na Lusungu begani. Alitafuta njia ya kulisema jambo lile kwa ulaini, akaona haipo.

"Mama Enesi. Restuta hakumwekea mumewe kitu."

"Nani kamwekea?"

Tulinagwe aliangalia kopo lililokuwa mkononi mwa Gibson. Enesi akafuata macho yake, akaliangalia kopo, akamwangalia jogoo wa kwenye picha.

"Hapana," alisema. "Hapana, mwanangu. Hii ni dawa. Kuku wamepona." Akageuka akawaonyesha kwa mkono, kana kwamba wangemtetea. "Hawa hapa. Si mnawaona? Wanatembea."

Kuku walikuwa wanadonoa uji uliomwagika mkekani. Enesi alianza kuwafukuza, kwanza kwa kanga, halafu kwa mikono, halafu alipiga magoti akawa anaukomba uji ule kwa viganja na kuutupa mbali, huku anatoa sauti ambayo Tulinagwe hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima.

*

Mpaka alasiri mambo yalikuwa yamenyooka, kwa namna mambo yanavyonyooka. Mkemia alithibitisha kwa simu: vitamini D ya mifugo, kwa wingi, kwenye unga uliochukuliwa jikoni kwa Restuta na kwenye ndoo ya Enesi. Daktari Emanueli alifika na gari lake mwenyewe. Alipolishika kopo alisoma kila herufi, akalirudisha, akaenda kusimama dirishani.

"Mimi ndiye niliyewaambia," alisema. "Pale koridoni, nikiwa nakimbilia mgonjwa mwingine. Niliwaambia ni vitamini D. Sikuwaambia wasiongeze. Nani angefikiria kuku?"

Lusungu alikuwa na dripu mkononi. Kalsiamu kwenye damu yake ilikuwa imepanda kidogo tu. Siku chache za maji mengi na kupimwa, alisema daktari, na atakuwa sawa. Hata Gibson alipimwa, kwa ombi lake mwenyewe, akaambiwa aache kujishika kifua.

Mkuu wa Upelelezi alipiga kelele kwenye simu, halafu akasema Restuta aachiwe. Kuhusu Enesi, jalada lingeenda kwa mwanasheria wa serikali aamue. Tulinagwe alishukuru kwamba uamuzi huo si wake.

Enesi alikuwa kwenye benchi la nje ya wodi, hana pingu. Kiatu kimoja alikisahau nyumbani. Tangu wafike alikuwa amesema neno moja tu: nifungeni.

Restuta aliletwa na gari la polisi. Alipita mbele ya benchi bila kuona mtu, akaingia wodini, akakaa na mtoto wake muda mrefu. Alipotoka alisimama mbele ya Tulinagwe.

"Wamesema ni unga. Unga gani?"

Tulinagwe alimweleza. Alieleza kuku, kopo, vijiko. Alieleza kwa ufupi kwa sababu hapakuwa na namna nzuri ya kurefusha, na wakati wote huo Enesi hakuinua kichwa.

"Wifi," hatimaye Enesi alisema akiangalia sakafu. "Nimekuzuia hata kumzika. Nimewaambia watu ... nimesema maneno ... Usinisamehe. Nipige tu."

Restuta hakumpiga. Alikaa kwenye benchi lile lile, kwa mbali kidogo, mikono kwenye mapaja.

"Popo alipokuwepo alikuwa anamalizia nusu ya bakuli," alisema, na haikueleweka anamwambia nani. "Popo alipokufa, Barnaba hakuwa na wa kumpa. Asubuhi ile ya Alhamisi, kabla hatujaenda hospitali, alisukuma kijiko. Akaniambia, Mama Lusungu, basi, leo nimeshindwa. Nikamkaripia. Nikamwambia dada yako amehangaika shambani mpaka mashineni kwa ajili yako, usimvunje moyo, maliza."

Enesi aliinua uso. "Akamaliza?"

"Akalamba hata kijiko."

Tulinagwe alikuwa na karatasi ya maelezo kwenye goti na kalamu mkononi. Aliifunika kalamu. Hayo hakuyaandika.